Mama Yangu wa Mlangoni

Nilipopunguzwa kazi katika shirika moja la umma nilikuwa na miaka ishirini na sita, na kitu pekee nilichojua kukifanya vizuri kilikuwa kupiga taipu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Soko huria lilikuwa limeingia, maduka ya umma yanafungwa moja baada ya jingine, na pale Sumbawanga mjini ofisi zilizohitaji mpiga taipu zilihesabika. Nilirudi kwa mama, kijijini Pito. Nililima naye, nikapalilia naye, na kila Jumatatu nilivaa sketi yangu ya kazini nikatembea mpaka mjini kuuliza kama kuna nafasi.

Aliyenipa nafasi alikuwa mfanyabiashara wa mtaa wa Majengo, pale mjini. Kwao kulikuwa mwambao wa Tanganyika, upande wa Kasanga, ambako baba yake aliuza dagaa. Yeye alipanda huku juu Ufipa kuuza vitu vya mkulima: majembe, plau, misumari, kamba, mbolea, mbegu. Tulimwita tajiri, kama wafanyakazi wote wa madukani walivyowaita waajiri wao wakati huo. Mezani kwake kulikuwa na taipureta aliyoinunua kwenye mnada wa mali za shirika langu la zamani. Niliitambua mara moja, kwa sababu herufi ya k ilipanda juu kidogo kila ulipoigonga.

"Unaijua hii?" akaniuliza.

"Naijua, tajiri."

"Basi umefika kwako."

Kazi ilikuwa kuandika karatasi moja kila Jumamosi ya kutangaza vitu vya duka. Nilipiga nakala tatu kwa kaboni. Moja niliibandika kwenye mlango wa duka, moja kwenye mashine ya kusaga, na moja stendi. Niliandika kama nilivyofundishwa kuandika katika shirika: YAH: KUWASILI KWA MISUMARI YA INCHI NNE. Wateja wote mnataarifiwa kuwa... Watu walipita bila kugeuza shingo. Ile ya stendi ililiwa na mbuzi, kwa sababu niliibandika kwa uji wa unga wa ngano.

Wiki moja ya masika, gari letu la mizigo lilikwama kwenye tope njia ya Tunduma na duka likabaki tupu. Jumamosi ikafika, sina cha kutangaza. Tajiri alikuwa amekwenda kulitafuta gari. Niliweka karatasi, nikakaa, na kwa uchovu tu nikaandika kwamba wiki hii hatuna kitu, gari limelala kwenye tope, na mimi mwenyewe nimeshinda nikitafuna karanga na kumfikiria mama yangu. Nikaeleza jinsi jembe lake lilivyolika mpaka likabaki kama kijiko, na jinsi anavyokataa jembe jipya ninalomletea kwa sababu, anasema, mpini wa lile la zamani unamfahamu mkono. Nikaandika kwamba gari likifika nitamnunulia lingine tena, na yeye atalificha tena chini ya kitanda.

Nikabandika. Kabla ya adhuhuri nilisikia mtu anasoma kwa sauti nje ya mlango, na wengine wanacheka. Hawakuwa wakinicheka mimi. Mwanamke mmoja aliingia na kusema, "Nawe una mama wa namna hiyo? Mimi pia." Hakununua kitu, maana hakukuwa na kitu. Lakini gari lilipofika, walirudi, na waliuliza kwanza kama mama ameshalitoa jembe chini ya kitanda.

Tajiri aliporudi aliisoma ile karatasi akiwa bado na tope la njiani kwenye suruali. Nilijua atanifukuza. Alisoma mara mbili.

"Nani kakwambia uandike mambo ya nyumbani kwenu?"

"Hakuna, tajiri. Sikuwa na la kuandika."

Akatazama mlangoni, ambako watu wawili walikuwa wamesimama wakisoma. "Andika hivyo hivyo," akasema.

Hapo ndipo nilipoingia. Sikujua kama ni mahali mtu anaingia na kushindwa kutoka. Niliona ni bahati. Watu walianza kunisalimu njiani, na walionizidi umri walinichangamkia kama mtoto wao. Mwanamke mmoja alisafiri kutoka Kaengesa kuja kununua kamba, ingawa kamba zilikuwepo kwao, kusudi anione. Mimi kwa kweli si mtu wa maneno. Mdomo wangu mzito tangu utotoni. Alinisalimu, nikamwitikia, nikampimia kamba, nikanyamaza. Alibaki ameshika ile kamba.

"Kumbe huongei," akasema, na niliona amevunjika moyo.

Tangu siku ile nilijifunza kuongea nyuma ya kaunta kama karatasi yangu. Nilicheka wakati sina cha kucheka. Nilipoumwa jino nilicheka upande mmoja. Jioni, nikitembea kurudi Pito, mashavu yaliniuma.

Na kila Jumamosi ilihitaji kitu kipya. Mambo yangu mwenyewe yaliisha upesi, maana nilikuwa na machache, na mengine sikutaka kuyasema. Mama alikuwa na mengi. Alikuwa mjane aliyeshinda mchana kutwa peke yake na kuku na mawazo yake, na jioni tukipika alinisimulia kila kitu bila kujua kwamba kichwani tayari nilikuwa nakipanga mistari. Niliandika kuku wake aliyeatamia kwenye kikapu cha kanisani. Niliandika ugomvi wake na jirani juu ya mpaka wa shamba la maharage. Ulipofika Juni, baridi ya kwetu ile inayoingia mpaka kwenye mifupa, duka lilileta mablanketi, nami niliandika kwamba mama hutandaza koti la marehemu baba juu ya blanketi lake, na asubuhi hulikung'uta na kulitundika msumarini kana kwamba mwenyewe atakuja kulivaa.

Mablanketi yaliisha kwa siku mbili. Tajiri alinipa moja.

Jumatatu iliyofuata mama alikuja dukani. Hakuwa na kawaida ya kuja mjini siku ya kazi. Alisimama nje akangoja nitoke, kisha akaanza kusema nami kwa Kifipa, polepole, kama anavyosema akiwa ameshakasirika na kumaliza.

"Jana kwenye jumuiya wanawake wameniuliza habari za koti. Mmoja alinishika mkono akanipa pole. Mimi sijamwambia mtu habari za koti. Wewe uliliona tu kwa sababu ni mwanangu na unalala mle ndani."

"Mama, sikuandika kwa ubaya."

"Umenianika. Kila wiki unanianika kama ulezi." Kisha akaniuliza. "Na wewe mwenyewe uko wapi kwenye hizo karatasi? Wananiona mimi, wanaona koti la baba yako. Wewe wamekuona wapi?"

Nilimwahidi kwamba sitamwandika tena. Nilimwahidi nikiwa nimeshika mkono wake, pale nje, na ile karatasi ya koti iko mlangoni nyuma yetu. Niliibandua mbele ya macho yake. Alikwenda zake bila kupokea blanketi nililopewa na tajiri. Nilimpelekea jioni na akalikunja akaliweka sandukuni.

Kwa miezi kadhaa niliandika habari za barabara, za mvua, za bei ya dagaa, na watu waliendelea kusoma, lakini waliuliza: mama hajambo? Mbona kimya? Tajiri naye aliuliza. Nilimwambia mama hapendi. Akatikisa kichwa kwa huruma, na nadhani huruma ile ilikuwa ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ingekuwa rahisi kusimulia haya kama angekuwa mbaya.

Karibu na msimu wa kupanda alileta mbegu za mahindi kutoka mpakani, magunia mengi. Zamani mbegu na mbolea zililetwa na serikali. Sasa kila mwenye gari alileta, na wakulima hawakujua wamwamini nani. Magunia yale hayakuwa na alama ya mtu yeyote. Wakulima walikuja, wakachota kiganjani, wakazitazama, wakazirudisha. Siku zilikwenda, na mawingu yalianza kujikusanya upande wa Zambia.

Tajiri aliniita. Alikuwa amekaa juu ya gunia moja.

"Andika kwamba mama yako amepanda hizi."

"Hajapanda, tajiri."

"Andika atapanda."

"Nilimwahidi kwamba simwandiki."

Alipapasa gunia alilokalia. "Mimi nikisema mbegu ni nzuri, wananiona mchuuzi. Wewe wanakuona ndugu yao. Mimi duka hili nimelijenga kwa gunia moja moja, dada. Hizi zikibaki hapa mpaka mvua ipite, sote tunarudi kwetu. Wewe Pito, mimi Kasanga."

Nilimuuliza kama mbegu ni nzuri. Alisema aliyemuuzia alimwapia. Nilimwangalia na kuona kwamba hajui.

Nilikaa mbele ya taipureta mchana mzima. Nilitafuta sentensi isiyo ya uongo, na niliipata, na ndiyo inayoniumiza mpaka leo: "Mama yangu atapanda mbegu hii msimu huu." Ili iwe kweli, jioni nilibeba kilo kadhaa begani nikampelekea. Alikuwa amechambua mbegu zake mwenyewe, mahindi yaliyoning'inia juu ya moshi wa jikoni tangu mavuno. Nikamwambia hizi ni za kisasa, zinazaa haraka.

Akazishika. "Hizi ni zangu, au ni za mlangoni?"

"Ni zako, mama."

Alinitazama. Nilichukua ndoo nikaenda kuteka maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Karatasi ilibandikwa Jumamosi. Katikati ya wiki iliyofuata magunia yalikuwa yamekwisha.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule, na hiyo ilifanya mambo kuwa mabaya zaidi, kwa sababu hakukuwa na cha kusingizia. Shambani kwa mama mche mmoja ulitokea hapa, kisha nafasi tupu, kisha nafasi tupu, kisha mche mwingine mwembamba wa manjano. Nilimkuta ameinama anafukua shimo kwa kidole, anaitoa punje iliyooza, anaidondosha na kwenda shimo la pili. Alikwenda jikoni, akazishusha mbegu zake za moshini, akarudia shamba lote kwa lile jembe la zamani. Nilirudia pamoja naye. Tulikwenda kwa mistari miwili sambamba mpaka tukamaliza.

Kazini nilikuwa nasubiri. Kila mlango ulipofunguka nilijua ni wao, wakulima walionunua mbegu. Tajiri naye alijua, kwa hiyo tulikuwa wawili tuliofungiwa mle ndani, tukipanga misumari ambayo ilikuwa imeshapangwa.

Wa kwanza kuingia alikuwa mzee wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia bondeni Rukwa na ng'ombe wao. Alikuwa amepanda mlima kutwa nzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi. Ilikuwa ile ya kwenye mashine ya kusaga. Uji mkavu ulikuwa bado umeshika nyuma yake.

"Wewe ndiye uliyeandika hii?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi sijui kusoma. Binti yangu alinisomea. Nikamwambia asome tena. Nikasema, huyu anamtaja mama yake, mtu hawezi kumtaja mama yake kwa uongo." Aliiweka karatasi juu ya kaunta na kuinyoosha kwa kiganja. "Nimelima na ng'ombe sita. Nimepanda yote. Sijaja kugomba. Nimekuja kukuuliza wewe: ya mama yako imeota?"

Tajiri alikuwa nyuma yangu. Nilisikia ameacha kupanga misumari. Nilijua maneno ambayo yangetosha. Ningesema ardhi ya bonde si sawa na ya huku juu. Ningesema mvua imezidi. Yote yalikuja mdomoni, yakiwa yameshachapwa.

"Haijaota, baba," nikasema. "Amerudia shamba lote."

Mzee yule akaguna. Alibaki ameiangalia karatasi, kisha akasema, "Amerudia kwa mbegu gani?" Nikamwambia ni zake za jikoni. Akauliza kama zimebaki. Nilikwenda naye Pito siku ileile, na mama, bila kuuliza maswali, akampa mahindi ya mbegu yaliyobaki. Waliongea kwa Kiswahili cha kubahatisha wote wawili, juu ya moshi na fukusi, kwa muda mrefu. Kwangu mama hakuwa amesema sentensi tatu mfululizo tangu Novemba.

Nilipomrudia tajiri, aliniambia, "Umenifungia duka."

"Nitaandika," nikasema. "Jumamosi naandika kilichotokea."

Niliandika. Niliandika kwamba mbegu hazikuota, kwamba mama hakuwa amezijaribu nilipomtaja, kwamba nilijua sijui na nikaandika hivyo hivyo. Ilikuwa karatasi fupi kuliko zote. Tajiri aliisoma, akatoka kwenda kuswali alasiri, akarudi, akakaa. Nilidhani ataichana.

"Bandika," akasema. "Na uongeze: mwenye mbegu hizo aje achukue maharage ya kupanda badala yake."

Walikuja. Mmoja alitupa gunia tupu mlangoni na kututukana mpaka akapoteza sauti. Wengine walichukua maharage kimya kimya. Kwa siku chache nilihisi wepesi ambao sikuwa nao tangu nianze kazi ile.

Halafu duka likajaa. Watu wa vijiji ambavyo sijawahi kuvisikia walikuja wakasema, hili ndilo duka lisiloficha. Tajiri alikuwa anasimama mlangoni kuwapokea, na jioni moja alinijia anatabasamu, akaegemea meza ya taipureta.

"Unaona? Wamependa ulivyoungama. Tafuta kosa jingine. Dogo tu. Tuliungame Jumamosi."

Nilifikiri anatania. Hakuwa anatania. Niliungama misumari yenye kutu. Niliungama ndoo iliyovuja. Makosa ya kweli yalipoisha, nilitunga. Niliandika kwamba nilimpimia mzee mmoja kamba fupi, nikagundua akiwa ameshaondoka, nikamkimbilia mpaka stendi na kipande kilichobaki mkononi. Hakukuwa na mzee, wala kamba, wala mbio. Watu waliipenda kuliko zote. Mwalimu mmoja aliwasomea wanafunzi wake kama mfano wa uaminifu. Nilisimama nyuma ya kaunta wakinisifu, na mlango wa duka ulikuwa wazi mbele yangu, na sikuweza kwenda popote, kwa sababu nisingekuwa na pa kwenda. Mjini kote nilikuwa mtu yule.

Nilikaa hivyo miaka mingine minne. Nilitoka kwa njia ya kawaida kabisa: shule moja upande wa Kaengesa ilihitaji mpiga taipu wa mitihani, nikaomba, nikapata, nikahamia huko. Tajiri aliniaga vizuri, akanipa jembe jipya nimpelekee mama.

Miezi miwili baadaye nilipita stendi nikitokea kazini, nikaona karatasi mpya ukutani. Herufi ya k ilikuwa imepanda juu. Nilianza kusoma na nikajikuta nasoma habari zangu. Alikuwa ameajiri binti mwingine, na binti yule alijifunza vizuri. Aliandika "mama yangu wa Pito" kama nilivyozoea kuandika mimi. Wiki ile mama yangu wa Pito alikuwa amenunua mbuzi mwenye kichwa kigumu, na alikuwa amemfungia kwa kamba imara inayopatikana dukani.

Nilikwenda Majengo nikamwomba tajiri aache.

"Lakini yule si mama yako," akasema kwa upole. "Mama yako hana mbuzi. Yule ni wa duka."

Yule wa duka nilimtunga mwenyewe, mstari kwa mstari, na sasa alikuwa anaishi bila mimi. Nilipofika Pito, mama alikuwa anachambua maharage kwenye ungo.

"Wanasema nimenunua mbuzi," akasema.

"Nimeona, mama. Si mimi. Nimeacha kuandika."

"Najua umeacha."

Nilikaa chini nikachambua pamoja naye. Nilitegemea atasema neno, labda la kunisamehe, labda la kunilaumu. Aliniuliza kama kule shuleni wananipa chai.

Karatasi zile ziliendelea kwa muda, kisha tajiri akanunua spika ya kufunga juu ya gari, na karatasi zikakoma bila mtu kuzikomesha. Kwa mama ilichukua muda zaidi. Alinipikia, alinilaza, alinipa maharage ya kubeba, lakini habari zake alizimaliza kwa neno "salama". Ilikuwa baada ya mavuno mawili ndipo jioni moja, tukipukuchua mahindi, alipoanza kunisimulia jambo la ujana wake ambalo sikuwahi kulisikia. Alipofika katikati alinitazama mikononi, akaona nina bunzi tu, akaendelea.